Jalada Lisilo na Karatasi

Kwa miaka kumi na tisa Havyarimana alikuwa karani wa mahakama huko Ngozi, Burundi, na hakuwahi kupoteza jalada hata moja. Huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi alikokimbilia, aliuza maharage sokoni, mpaka siku alipoitwa na Annuarite, msichana wa Bukavu aliyeendesha ofisi ya msaada wa sheria kambini. Mahakama moja ya Lilongwe ilikuwa imeanza kupokea kesi kwa mtandao.

"Nahitaji mtu anayejua kupanga karatasi," Annuarite alimwambia.

"Si umesema karatasi hazitakuwepo tena?"

"Zinapigwa picha kwanza, mzee. Zikiingia ovyo, zitakaa ovyo hukohuko."

Neno hilo lilimwingia. Alijifunza kwa wiki mbili, akibonyeza herufi kwa kidole kimoja, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

Mtu wa kwanza kuketi mbele yake alikuwa Godelive, mshonaji kutoka Bukavu. Alikuwa amemlea Gentille, binti wa marehemu dada yake, tangu ana miezi minne. Sasa mtoto alikuwa na miaka kumi. Godelive alitaka mahakama imtambue kuwa mlezi wake, maana shuleni na hospitalini kila mara aliulizwa hati asiyokuwa nayo. Mara mbili alipeleka maombi Lilongwe, na mara mbili jalada likapotea.

"Papa, ile ya karatasi ilikuwa inashikika na ikapotea," alisema. "Hii ya mu hewa mi nitaifuata wapi?"

Havyarimana naye alikuwa akijiuliza hilohilo. "Nipe zote," akasema. "Hata zile unazoona hazina maana."

Akazinyoosha mikunjo, akazipiga picha moja moja, akatia namba kila ukurasa na kuweka orodha mbele, kama alivyozoea Ngozi. Cheti cha kifo cha dada kilikuwa cha Kifaransa. Annuarite akakiambatanisha na tafsiri. Saa nne asubuhi wakatuma. Chai yao haijapoa, namba ya kesi ikaingia. Godelive aliisoma mara tatu.

"Mwaka jana nilingojea namba kama hii miezi tano," akasema polepole.

Siku ya kusikilizwa, Havyarimana alipanda minibasi pamoja na Godelive na Gentille hadi Lilongwe. Hakimu, mama wa makamo, alizungumza kupitia mkalimani. Akaomba uthibitisho kwamba mama mzazi wa mtoto alifariki. Godelive akafungua mkoba, akapekua, akapekua tena. Cheti alikuwa amekisahau nyumbani ndani ya Biblia. Alijua kesi huahirishwa kwa mambo kama hayo.

Havyarimana akajikuta amesimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, kiko ukurasa wa saba. Tafsiri yake iko wa nane."

Hakimu akaitazama skrini kitambo. "Nimekiona," akasema. "Nani alipanga jalada hili?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Ulijifunzia wapi?"

"Mahakamani, kwetu Burundi. Zamani."

"Inaonekana," hakimu akasema, na Havyarimana akaketi haraka.

Kisha Gentille akaulizwa anataka kukaa na nani. Mtoto akamkodolea hakimu macho. "Na mama huyu. Nikae na nani mwingine?"

Hakimu akatabasamu, akasema uamuzi utatumwa siku hiyohiyo.

Walikuwa kwenye mgahawa mtaani Mchesi, papo hapo Lilongwe, wakila nsima, ugali wa huko, ujumbe wa mahakama ulipoingia kwenye simu ya Godelive. Gentille akaichukua, kwa kuwa Kiingereza alikijua kuliko wote, akaisoma hukumu mstari kwa mstari akiwatafsiria. Alipofika penye jina la Godelive na neno mlezi, Godelive alipiga vigelegele, vidole vimejaa nsima. Mwenye mgahawa akauliza kwa Kichewa kuna nini. Alipoelezwa, naye akapiga vyake, akawaletea samaki wa kuongezea. "Zikomo, mama, zikomo," Godelive alimshukuru huku akilia na kucheka. Havyarimana alikunywa maji kwa muda mrefu kuliko kiu yake.

Habari iliwatangulia kambini. Jumatatu alikuta watu kumi na wanane mlangoni, kila mmoja na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Waliopotezewa jalada watangulie," Havyarimana akasema.

Wote wakasogea mbele, naye akacheka mpaka akavua miwani.