Fanya Juu ya Mulwa

Mume wangu Mulwa ni mbishi, na ubishi huo nilianza kuupenda nikiwa msichana kwetu Mwala. Tulipohamia kando ya mto Kitengela na mtoto wetu Ngui, hata vyombo hatujapanga, alishika jembe kuchimba fanya juu: mtaro unaokata mteremko, udongo ukirushwa upande wa juu, maji ya mvua yakae humo hadi ardhi iyanywe, jinsi baba yake alivyofanya. Mtaro wake ulipita juu ya nyumba ya Waruguru, jirani yetu mjane anayeishi ukingoni kabisa, ukaishia kwetu. Waruguru alimwambia kwamba udongo mweusi wa huku haunywi maji kama ule mwekundu wa Ukambani. Mulwa akamjibu kwa upole kwamba mtaro huo ndio utakaomlinda.

Mwaka wa tisini na saba zikaja mvua za El Niño. Maji yalijaa mtaroni yakakaa tu, ukingo wa mto ukaloa, na asubuhi moja tukaona ufa umefunguka ardhini nyuma ya nyumba ya Waruguru. Maji yasingetolewa, ukingo ungeporomoka mtoni pamoja na nyumba yake. Njia ilikuwa moja: kuufungua mtaro upande wetu, na hapo ndipo iliposimama jikoni yangu ya mabati, niliyomsumbua Mulwa miaka mingi hadi akaijenga.

Alisimama na jembe akinitazama kama mtoto aliyevunja kikombe. Hasira zilinipanda, si kidogo. Kisha nikamwona Waruguru akiburuta kitanda chake nje peke yake, mvuani.

"Kata, Baba Ngui," nikamwambia. "Sufuria nitatoa mimi."

Akakata. Nilitoka mbio na sufuria zangu, maji yakaingia jikoni, na Mulwa naye akaingia. Mwanamume huyu hakuwahi kukanyaga jikoni mwangu; kwao wanaume hawafanyi hivyo. Alitoka amekumbatia jiwe la figa, masizi kifuani, akarudia la pili na la tatu, mabati yakilia juu ya kichwa chake. Nilimwambia aache, mawe yamejaa Kitengela nzima.

"Hizi ni mama yako alikupatia," akasema. "Sasa utapikia nini?"

Ukingo ulisimama. Jikoni yangu ilienda na maji. Jioni hiyo Mulwa alinipangia mafiga yangu jikoni kwa Waruguru, kando ya yake, akayapanga vibaya, yakainama upande mmoja. Sikuyagusa. Nilipika hivyo hivyo, nikiishikilia sufuria kwa mkono.