Sakafu ya Cornelia

Siku Adolfu alipouza nyumba yao ya Malangali, mjini Sumbawanga, mkewe Cornelia ndiye aliyewachemshia mashahidi chai. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa sabini na mbili, watu wametoka kuvuna ulezi. Sadoki, karani wa mahakama, alikuwa ameketi sebuleni na karatasi mbili zenye kaboni katikati. Mnunuzi, Anyosisye, bwana shamba aliyehamishiwa Sumbawanga kutoka Tukuyu, alikaa dirishani na mkewe Atusaye. Balozi wa nyumba kumi, mzee Oswaldi, alikaa karibu na sukari.

Sadoki akasoma kwa sauti ya kanisani. "Ardhi haiuzwi, maana ardhi ni mali ya umma. Kinachouzwa hapa ni jasho la muuzaji alilolimwaga juu ya ardhi hiyo, yaani nyumba moja ya matofali mabichi, paa la bati."

Adolfu akaweka dole gumba. Anyosisye akatia sahihi, Oswaldi akatia yake. Cornelia akafuta mkono kwenye kitenge.

"Na mimi dole niweke wapi, karani?"

Sadoki hakuwa mtu mbaya. Aliipekua karatasi juu mpaka chini, akaigeuza na nyuma. "Nafasi yako haipo, mama. Fomu inamjua muuzaji mmoja."

"Haya," Cornelia akasema, akamwongezea chai.

Lakini moyo ulimuuma, jamani. Matofali aliyafyatua Adolfu, ni kweli, hakutaka kumnyima haki yake. Sakafu je? Udongo wa kichuguu aliubeba yeye kichwani, akaushindilia akiwa na mimba ya Dominika, binti yao aliyekwisha kuolewa, na kila Jumamosi kwa miaka kumi na minane akaisiriba kwa mavi ya ng'ombe mpaka ikang'aa. Adolfu alikuwa mume mzuri kwa kila jambo isipokuwa kuuliza.

Sadoki akagonga muhuri. Nyumba ikainuka.

Haikwenda mbali, kimo cha goti tu. Kuta, milango, madirisha na bati vikapanda pamoja, taratibu, na sakafu ikabaki chini na meza yake, watu wake na birika. Kuku wawili wakapita chini ya ukuta, wakaanza kudonoa makombo ya maandazi.

"Huu si uchawi kweli?" Anyosisye akauliza, kwa adabu, maana alikuwa mgeni.

"Uchawi ulishatupwa hapa, bwana. Hata jina la mji linasema hivyo," mzee Oswaldi akajibu, akichota sukari.

Sadoki akausoma mkataba upya. "Nyumba imeelewa," akasema. "Limeuzwa jasho la muuzaji. Sakafu si jasho la muuzaji."

"Basi mwongeze mama," Anyosisye akasema.

"Nafasi haipo, si nimeshasema?"

Adolfu akashuka Kasanga, ziwani, kuingia ubia wa mtumbwi na nduguye. Cornelia alikuwa anaogopa maji tangu utoto, akaenda kwa dada yake Bertilla kule Mwimbi. Akalala jikoni, juu ya sakafu ya mtu mwingine. Asubuhi nyayo zake zilikuwa zinatafuta ule ubonde mdogo wa sakafu yake karibu na mlango, hazikuupata.

Kule Malangali upepo wa Juni ukawa unaingia chini ya kuta pande zote. Anyosisye akapanga matofali kuziba pengo, nyumba ikapanda tena kimo kilekile. Wakaning'iniza mablanketi, mbuzi wa jirani wakayala. Suma, mtoto wao wa mwisho, akaanza kukohoa kifua kikatoa mlio. Atusaye akapanda lori la mahindi hadi Mwimbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imeshuka?"

"Haijashuka. Mtoto anakohoa."

Cornelia hakuuliza la pili. Alifunga kifurushi chake, akamuaga Bertilla, wakaondoka na lori lilelile.

Alipofika alivua viatu, akapiga magoti kwenye ule ubonde, akachovya mkono kwenye ndoo na kuanza kusiriba, nusu duara, nusu duara. Nyumba ikashuka juu ya sakafu kama kuku anavyolalia mayai. Upepo ukakoma.

"Ndaga, mama," Atusaye akashukuru kwa lugha ya kwao, machozi yakimtoka. "Ukiondoka je?"

"Itainuka."

"Basi usiondoke, mama yangu."

Cornelia akacheka, mara ya kwanza tangu mavuno. Akapewa chumba cha jikoni, ambacho zamani alikuwa anawekea ulezi. Suma akapona, akamwita bibi, akawa hali ugali mpaka bibi ausonge. Adolfu alipanda kutoka Kasanga kila baada ya miezi michache na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, akapiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga, na Cornelia akamkaribisha kwa furaha, maana alikuwa anampenda, afanyeje?

Mzee Oswaldi alipopita na daftari lake aliandika: Anyosisye, mwenye nyumba. Atusaye, mke. Suma, mtoto. Cornelia, mgeni.

"Mimi mgeni, mzee Oswaldi?"

"Ni daftari hilo, mama. Mimi naandika tu."

Mwaka wa sabini na sita Anyosisye akapata uhamisho wa kurudi kwao. Nyumba akaiuza kwa mwalimu Asajile na mkewe Margareth. Sadoki akaja na fomu mpya, iliyopigwa chapa, ndefu kuliko ile ya zamani. Cornelia aliuona urefu wake tangu mlangoni. Akachemsha chai ya maziwa.

"Safari hii nafasi yangu ipo, karani?"

Sadoki alivaa miwani. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, akafika chini, akarudi juu. Kalamu yake ilikuwa tayari imefunguliwa.

"Bado, mama."

"Haya," Cornelia akasema. Akamwambia Suma awatoe kuku karibu na ukuta. Atusaye alikuwa analia waziwazi, na Margareth, asiyejua lolote, akamshika mkono.

Muhuri ukagongwa. Nyumba ikainuka kimo cha goti, upepo ukaingia, na Cornelia akabaki amesimama pekupeku juu ya sakafu yake, birika mkononi, akiuliza nani hajapata sukari.