Nukta Nyekundu ya Idella

Verlin Stroebel aliiinamia bunduki ya mkewe kama daktari anayekagua mgonjwa aliyeshonwa na daktari mwingine. Ilikuwa imelazwa kwenye meza ya ukaguzi ya uwanja wa kulenga shabaha, tupu, mtutu ukielekea tuta la mchanga, na upepo ulikuwa ukileta vumbi kutoka mashamba ya ngano yaliyovunwa.

Darubini ya kulengea iliyokuwa juu yake alimfungia mwenyewe, miaka sita iliyopita: fupi, nyepesi, inayokuza kuanzia mara moja hadi mara sita. Lakini ubavuni mwake, imeinamia kulia, palikuwa na kitu kipya, kioo kidogo chenye nukta nyekundu ndani yake. Hicho hakukifunga yeye. Kilifungwa na Renwick Tade, na kilifungwa vizuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Renwick alikuja mjini mwaka juzi akitokea Wyoming, akafungua karakana nyuma ya duka la chakula cha mifugo. Alikuwa na mikono myepesi na kicheko cha karibu. Wanachama wa klabu ya shabaha wakaanza kumpelekea bunduki zao mmoja mmoja, na Verlin, fundi wao wa miaka thelathini, akavumilia. Kisha Alhamisi moja Idella naye akaifunga yake ndani ya blanketi akaenda. Alirudi baada ya saa tatu, akitabasamu peke yake kwa mzaha ambao hakuusimulia.

Kweli, alianza kwa kumwomba mumewe. Alimwomba mara tatu. Katika mzunguko wa mwisho wa mashindano unapiga mabamba ya chuma ya mbali darubini ikiwa kwenye sita, halafu papo hapo matatu ya karibu, hatua kumi tu, na kwenye sita bamba la karibu ni ukungu mtupu. Kuizungusha darubini irudi kwenye moja kunakula muda. Ukiwa na nukta pembeni, unailaza bunduki kidogo tu, unapiga.

"Wewe unataka pambo," Verlin alimjibu. "Darubini moja inamtosha mtu anayejua kupiga."

Na leo ndiyo siku ya mwisho ya msimu. Wanawake watatu wa kwanza wangekwenda mashindano ya jimbo. Idella, mwenye miaka hamsini na minane, karani wa ghala la nafaka, alikuwa wa tatu. Hakuwa amewahi kwenda hata mara moja.

Verlin alisogeza miwani. Kwenye kila skrubu ya kile kioo palikuwa na alama, mstari mwembamba wa rangi ya kucha uliotoka kichwani mwa skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukinyooka, skrubu haijasogea. Ukikatika, imelegea. Alama hiyo aliijua. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Ila rangi hii nayo aliijua. Ilikuwa rangi ya Idella, nyekundu iliyoiva, ile ya harusini na ya kanisani. Kwa hiyo alikaa pale na huyo mwanamume, akafungua mkoba wake, akamtolea kichupa. Wivu ulimpanda Verlin mpaka masikio yakapata moto.

Ndipo akaona kwamba mstari wa skrubu ya mbele umekatika. Umepishana kidogo tu, upana wa unywele. Barabara ya kokoto ilikuwa imeilegeza njiani.

Ufunguo wa skrubu ulikuwa mfukoni mwake. Kukaza, kisha risasi mbili tatu za kuhakikisha kwenye uwanja wa majaribio. Muda ulikuwepo.

"Vipi, mzee wangu?" Idella alimwuliza, akija na kikombe cha kahawa. "Iko sawa?"

Nyuma yake Renwick alikuwa akicheka na watu, kofia kisogoni.

"Iko sawa," alisema Verlin.

Zamu ya Idella ilipofika, kipima muda kikalia. Mabamba manne ya mbali yakaitika, ting, ting, risasi moja kwa kila moja, na watu wakaanza kupiga mbinja. Idella akailaza bunduki kushoto, jicho kwenye nukta. Akapiga. Kimya. Akapiga tena, vumbi likaruka kushoto mwa bamba. Akapiga tena na tena, mpaka risasi zikamwishia. Msimamizi alipohakikisha bunduki ni tupu, Idella alibaki ameinamisha kichwa.

Pale mezani Renwick aligusa kile kioo kwa kidole. Kikacheza.

"Idella, kosa langu hili," alisema mbele ya wote, bila kicheko. "Skrubu imelegea. Ningepaswa kuipitia mwenyewe leo asubuhi. Nisamehe, dada."

Verlin aliingoja furaha ije. Haikuja.

"Wewe huna kosa," alisema Idella. "Uliniambia unataka kuipitia, mimi nikakataa. Na hiyo alama nilikuomba mimi uipake, tena kama Verlin anavyopaka. Nilitaka ukaguzi uwe wa Verlin. Nilikwambia, mume wangu skrubu haimpiti."

Akamgeukia mumewe. Macho yake hayakuwa na hasira bado.

"Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Ukaona?"

Angeweza kusema hapana. Watu wangemwamini, ni mzee, ana miwani.

"Niliona," alisema.

Idella akageuka, akachukua ufunguo kwenye sanduku la Renwick. "Nishikie bunduki," alimwambia Renwick. "Nitakaza mwenyewe."

"Uwanja salama!" msimamizi akapaza sauti. "Wapaka rangi!"

Baada ya kila mpigaji lazima mtu aende kufunika alama za risasi, mpigaji anayefuata akute mabamba meupe. Verlin akachukua kopo la rangi ya kupuliza, akaenda, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Akayafunika yale manne ya mbali, kila moja na doa lake la kijivu katikati. Akarudi kwenye matatu ya karibu. Yalikuwa meupe pepepe, hayana hata mkwaruzo. Akayapaka vilevile, moja baada ya jingine, taratibu, mpaka kopo likaanza kutoa upepo mtupu.