Mtaa Usio na Kaburi

Mtaa wetu uko mbele kidogo ya Matisi, pale Kitale inapochoka kuwa mji. Ulianza shamba la mahindi lilipokatwakatwa kuwa ploti, na wa kwanza kujenga alikuwa Nanyama, mkunga aliyefukuzwa na mumewe kule Misikhu kwa kukosa mtoto. Stima ilikuja baadaye. Maji bado tunayasubiri.

Kila mtu hapa ana kwao. Krismasi sisi Wabukusu twaenda Bungoma, Wakikuyu wanaenda Nyeri, na mtaa unabaki na mbwa na Nanyama. Mtu akifa anapelekwa kwao vilevile. Tunajenga nyumba za mawe, tunaweka vigae, na bado tunasema tumekuja kutafuta tu.

Mwaka wa 2006 miguu ya Nanyama ilianza kufura. Akaita kamati ya mtaa nyumbani kwake na kusema anataka kuzikwa kwenye ploti yake.

Mwenyekiti wetu, Wabwile, aliweka kikombe chini. "Mama, hapa ni town bana. Nani atapanga nyumba karibu na kaburi? Si kuna Misikhu?"

"Misikhu walioa mwingine. Mimi sina kwingine."

Iliniuma, nasema kweli. Lakini ploti yangu inapakana na yake, nikanywa chai.

"Hapa hakuna mtu amewahi kuzikwa," Wabwile akasema. "Hatuwezi kuanzisha."

"Ati hakuna?"

Alichukua fimbo akatuongoza nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Miaka ile ya matope wake zetu wote walizalia kwake, na sisi wanaume hatukuuliza kondo la nyuma lilienda wapi. Kwetu, lilipofukiwa ndipo kwenu, hata uende Ulaya.

"Huyu Tonny wako," akasema, akinitazama, fimbo kwenye shina la kwanza. "Huyu Ivy wako, Wabwile. Huyu mdogo wake."

Rahab, mweka hazina, mama wa watu kutoka Nyeri, akauliza polepole, "Na Kim wangu?"

"Umesimama juu yake."

Rahab aliruka kando kama aliyekanyaga siafu.

Hakuna aliyetaja tena wapangaji. Wabwile alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Basi, mama, unataka upande gani?"

"Pale kwa ua," Nanyama akasema. "Sitaki kufinya watoto."