Chupa Iliyooshwa

Kifuniko cha chupa kiligonga sinki mara moja, tik, jikoni kukiwa bado giza. Nilidhani Hajjat Nabawiya, mama mkwe wangu, anatafuta zeituni kabla ya sala ya alfajiri. Nikageukia upande usio na mshono, nikalala.

Asubuhi mume wangu, Shaaban, alikuja kuichukua chupa aliyokabidhiwa na mpasuaji, aifikishe maabara kule Tanta, kama wafanyavyo ndugu wa kila mgonjwa kwetu. Aliikuta imeinamishwa juu ya taulo, inang'aa.

"Mama, kilichokuwamo kiko wapi?"

"Kilipostahili. Nimekiosha, nimekivisha sanda, nimekizika ubavuni mwa marehemu babako. Hata kucha tunazifukia, sembuse ziwa lililomlea mjukuu wangu! Mlitaka likae kwenye siki kama figili?"

Lebo ya chupa Hajjat alikuwa ameibandua taratibu na kuitia ndani ya msahafu. Hakujua kusoma, ila kwake maandishi hayatupwi. Mimi, niliyesomea darasa la jioni nikiwa na mimba ya Rawya, niliisoma: ziwa la kushoto, pamoja na tezi za kwapani.

Shaaban alikwenda makaburini na jembe. Mbwa walikuwa wamemtangulia. Aliniambia mimi peke yangu, macho yake ukutani.

Hospitalini, Daktari Girgis alisikiliza mpaka mwisho, akaivua miwani.

"Kile kipande tulichokutoa kwa sindano kabla ya upasuaji kilitupa daraja la saratani," alisema. "La tatu, baya kuliko yote, chembe zake zina pupa. Lakini imefika hatua gani, imetambaa hadi wapi, jibu lilikuwa ndani ya zile tezi."

"Sasa, daktari?"

"Sasa nitakutibu kama mtu ambaye imeshamfika mbali." Akamtazama Rawya, aliyekuwa akining'iniza miguu kitini, kisha akanigeukia. "Na huenda imeshafika, dada yangu."

Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno ya kumtupia Hajjat. Yalinijaa mdomoni, machungu, kila moja na haki yake. Nilikuwa bado nayo nilipofungua mlango.

Alikuwa amemchinja sungura wake wa mwisho. Mulukhiya, mchuzi wa majani ya mlenda, ilikuwa inatoa mvuke mezani, na kwenye kiti changu aliuweka mto wake mwenyewe, niegemeze mkono.

"Kaa, mwanangu. Na usinikunjie uso. Siku ya kufufuliwa utaamka kamili, utanishukuru." Kisha sauti ikamshuka. "Kasemaje yule mtu?"

Akaanza kunipakulia. Udongo wa makaburini ulikuwa bado chini ya kucha zake. Nikayatafuta yale maneno, nikayakosa.

"Kasema halikuwa na haja ya kupimwa tena, mama. Ulifanya vyema."

Hajjat aliketi kama aliyekatwa kamba, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Shaaban aliinamia sahani yake.

Rawya aliweka kijiko chini.

"Daktari hakusema hivyo."