Bega la Mkwe

...na sasa tumekwama, pua ya jeneza imegota kwenye kona ya uchochoro na hatuwezi kwenda mbele mpaka watalii hawa wapite, wanapanda mmoja mmoja huku wameshika kuta, wanakwenda kule juu kwenye sanamu kuupiga picha mji wote wa Guanajuato, wapite basi, wapite upesi, maana mimi nimesimama hapa katikati, upande wa kushoto, bega langu liko chini ya baba mkwe wangu don Casimiro, liko chini yake kweli lakini halimgusi, pana nafasi hapo, kiganja kizima, nausikia upepo ukipita shingoni... mbele yangu Fermín, nyuma yangu Chon, wanawe, warefu kama yeye, ndio waliombeba, mimi nimening'inia kwenye mshikio wa jeneza kama mtoto aliyeshikwa mkono sokoni, na Fermín anauliza bila kugeuka, "Shemeji, uko sawa huko?" nami nasema, "Niko sawa," halafu nakunja uso, nakunja uso kwa uzito gani, najiuliza, Librado, uzito wa hewa... na Tobías aliniambia pale mlangoni, tena kwa sauti ya chini ili nisiaibike, "Anko, hapo katikati hutafika, niachie mimi," kijana ana mabega kama mlango, ni mjukuu wake, nami nikamsukuma kwa kiwiko, nikasema kwa sauti ili mabibi wote wa mtaa wasikie, "Mimi ndiye mkwe wake," wakaguna kwa huruma, na huruma ile ikanikolea kama sukari... mzee huyu alibeba mizigo maisha yake yote, magari hayafiki huku, kwa hiyo vitanda, mitungi ya gesi, makabati, vyote vilipanda ngazi hizi mgongoni mwake, mkanda wa ngozi kwenye paji la uso, na nilipomuoa Obdulia akatupandishia friji peke yake, mimi nyuma yake nimekumbatia droo za mboga, mtu mmoja akaniambia kutoka dirishani, "Pole na mzigo, kinyozi," na mzee akacheka mpaka akalazimika kulitua friji, "Mwacheni mkwe wangu," akasema, "yeye anabeba baridi"... na juzi tu nilikuwa namnyoa, shavu limebonyea, wembe unatafuta pa kupita, nikamwambia, "Siku ikifika, baba, nitakubeba mimi," akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, safari fupi, akafumba macho... huyu mama mtalii mwenye kofia amesimama, ameweka mkono kifuani, hamwangalii Fermín aliyetoka mshipa shingoni, ananiangalia mimi, kwa sababu ya uso wangu huu, na kiongozi wao ananong'ona, "Egemeeni ukuta, tafadhali, wanashusha marehemu," na simu imeinuliwa, basi nitakaa pichani kwenye nyumba ya watu huko mbali, mzee mfupi anayeteseka chini ya jeneza, mpaka mtu asogeze macho karibu aulize, mbona mwanga unapita hapa... nainuka kwa ncha za vidole, bado, nainuka zaidi, mguu unatetemeka, "Shemeji, usitikise," anasema Chon, na hapo ndipo nakumbuka Obdulia yuko nyuma yetu, upande huu huu, tangu mlangoni, ngazi zote hizi ameiona mbingu kati ya bega langu na baba yake, nyayo zake hizo, zinakuja, usije, mke wangu, si mbele ya watu hawa, lakini amefika, anavua mtandio kichwani, anaukunja mara nne, "Shusha bega," nashusha, anausokomeza pale kama mtu anayetia kabari chini ya meza inayoyumba, anapima kwa vidole, "Haitoshi," anasema, "Tobías, lete koti lako," na Tobías analivua, analitoa, hata hatabasamu, afadhali angecheka... baba yao amekufa na hawa watoto wake wanahangaika na kimo changu, na Fermín anasema, taratibu, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Chon, legeza kidogo, shemeji apokee," kumbe naye, kumbe wote, tangu mlangoni walijua, walinibeba na mimi pia... na anashuka, don Casimiro, anashuka juu ya koti na mtandio na bega, ni mzito, sikujua, mfupa wa bega unalia, pumzi imekatika, uso wangu sijui unafanya nini na sina nafasi ya kuujua, mama mwenye kofia ameshaondoka, haniangalii mtu yeyote, mkono wa Obdulia uko mgongoni kwangu, haunisukumi, uko tu, aibu imenijaa mpaka masikioni na mzee amekaa juu yake kwa uzito wake wote, na watalii wangali wanapanda, wako wengi kule chini, kofia kwa kofia, wapande tu, wachukue muda wao...