Stuli ya Salsabil

Vumbi la mbao huingia darasani kwetu bila hodi. Linatua ubaoni, linatua kwenye kope, linatua kwenye uji wa watoto. Keko, mtaa wangu wa randa na misumari, hata chafya zako zinanukia vanishi.

Mie mwalimu wa darasa la nne, mdomo wangu hauna breki, nilisema Ijumaa: kila mtoto atengeneze stuli. Vipande vya mbao vimejaa njiani, okoteni. Kwa mikono yenu, nikasema. Kwa mikono yenu, nikarudia. Nitakayoikalia mbele ya wazazi, hiyo ndiyo itakayobaki darasani.

Jumatatu, jamani! Keko, wewe hujui utani. Zikaja stuli zenye mito ya sponji. Zikaja zenye droo. Venance, mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu, alileta ya mninga, imepigwa msasa mpaka nikajiona uso humo, na nikaona nimezeeka. Na waliobeba ni baba zao, mafundi watupu, jasho linawatiririka.

"Venance, miguu umeiungaje?"

Mtoto akamtazama baba yake. Baba yake, fundi Ferdinand, akatazama dari.

"Mwalimu, nilimwelekeza tu."

"Muongo huyo!" akadakia fundi mwenzake. "Kajifungia nayo tangu juzi!"

"Sasa nifanyeje? Mwanangu apite barabarani na stuli ya hovyo, wateja wangu wanaona?"

Nilikasirika. Nikacheka. Nikakasirika tena kwa sababu nimecheka.

Wa mwisho alikuwa Salsabil, binti wa muuza duka, ambaye baba yake hata kutundika kalenda anamwita fundi. Stuli yake imeinama upande, mguu mmoja mfupi, misumari imechungulia nje. Kidole chake kina plasta. Kwa mikono yake, Keko, kwa mikono yake! Wenzake wakacheka mpaka wakagonga madawati. Salsabil macho kanikazia, yananiuliza jambo moja tu: utaikalia?

Nikaikalia. Ewe Mola, niliikalia kwa uzito wangu wote, na uzito wangu si wa mchezo. Paa! Nikajikuta sakafuni na kitenge changu, vumbi limepaa, mafundi wameshika vichwa. Makalio yaliniuma, moyo uliniuma zaidi. Niliogopa kumtazama mtoto wa watu.

Akachuchumaa mbele yangu.

"Mwalimu, samahani, usiinuke kwanza. Nataka nione imevunjikia wapi."

Akapapasa, akageuza, akanusa kabisa. "Nimepigilia pembeni sana," akasema, kisha akamgeukia Ferdinand. "Shikamoo baba Venance. Naomba nyundo."

Ferdinand akachomoa nyundo mfukoni, akakunja mikono ya shati, akapiga goti.

"Nyundo tu, baba," Salsabil akasema. "Nitapiga mwenyewe."

Fundi mzima akaiachia. Na mie, palepale sakafuni, nikamshikia mguu wa stuli, nikafumba macho, nikaviombea vidole vyangu.